Saa Isiyotiwa Ufunguo

Wiki iliyopita nilikwenda Gungu, hapa Kigoma, kumtafuta fundi wa saa, nikamkosa. Siku hizi ukiuliza fundi wa saa watu wanakutazama kama umeulizia duka la pembe za ndovu. Niliyempata ni kijana wa simu, ana meza yake, taa na lenzi ya kuvaa jichoni, akaniambia, "Lete tu mama, nitaiangalia." Kioo cha saa yangu kilikuwa kimeshika ukungu kwa ndani, nikaona heri nusu shari kuliko shari kamili. Akaipokea, akatazama simu yake, akatazama saa, akacheka kwa adabu. "Mama, hii inakosea saa saba nzima. Nikurekebishie?" Nikamwambia aondoe ukungu tu, hayo mengine ayaache. Akafungua kichupa cha petroli achovye pamba, na ile harufu ikanipanda puani.

Basi, sikuwa tena Gungu. Nilikuwa na miaka minane, nimesimama mbele ya baraza la duka huko Rusimbi, nimekunja ngumi, ndani ya ngumi mna saa ya Babu iliyokufa, na moyoni naamini kabisa kwamba mimi ndiye niliyemuua Babu.

Nyinyi rika langu mtanielewa, maana tulilelewa na wazee waliokuwa na saa moja maisha yao yote. Babu yangu alikuwa mshona kanzu wa Ujiji, na saa yake aliinunua Bujumbura enzi za ujana wake, alipokuwa anavuka na vitambaa. Ilikuwa ya chuma, uso wake mweupe umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na upande mmoja ina kidirisha kidogo chenye namba. Sikuwahi kumwona akiitia ufunguo. Kila jioni alikaa barazani ametazama ziwa, anangoja. Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo na muadhini akianza, Babu alivuta kile kifundo cha pembeni na kuiweka mishale yote miwili juu, kwenye kumi na mbili. Namba kidirishani ikaruka. "Siku imeisha, siku imeanza," alisema, kisha akaenda kutawadha.

Namba ile ilikuwa ya mwezi wa angani, siyo ya kalenda ya ukutani. Mwezi ukiandama aliirudisha kwenye moja, na majirani walikuwa wakipita wanauliza, "Mzee, leo mwezi ngapi?" naye anainua mkono tu. Saa yake, mshale ukiwa kwenye nne ni saa nne, hakuna mambo ya kusoma upande wa pili. Mimi nikaizoea hiyo. Siku mwalimu alipochora saa ubaoni, mshale mfupi kwenye nne, nikanyoosha kidole kwa kujiamini nikasema saa nne, darasa zima likanicheka kwa sababu jibu ni saa kumi. Nilirudi nyumbani nimevimba. Babu akasema, "Mwalimu yuko sawa kwa saa ya mwalimu."

Baba Mdogo, mdogo wake baba yangu, alikuwa anafanya kazi bandarini na ana redio, kwa hiyo alijiona mtu wa wakati. Kila Maghrib alikuwa na neno. "Baba, umechelewa. Redio imeshasema saa moja." Babu hakumtazama hata. "Redio inasema jua la Dar es Salaam. Mimi nafuata jua la Ujiji." Kweli, kwetu huku magharibi jua linachelewa kuzama, kila mtu wa Kigoma anajua, ila Babu peke yake ndiye aliyekataa kujidanganya.

Na alikuwa na utani mmoja ambao natamani asingeufanya mbele ya mtoto. Akiniona naitazama ile saa ananiambia, "Hii na mimi ni kitu kimoja, Zuhura. Ikisimama, mimi nimesimama."

Aliumwa muda mfupi. Jioni yake ya mwisho aliomba ainuliwe akae, adhana ya Maghrib ikalia, akaweka mishale juu, namba ikaruka. "Kumi na tatu. Unaiona?" Nikasema naiona. Mkono ulikuwa umevimba, mkanda umezama kwenye nyama. Akaninyooshea. "Nivue, mama, inanibana." Nikaifungua mimi, kwa mikono yangu hii, nikaiweka kwenye bati la biskuti ambamo Bibi alitunza sindano na vifungo. Alfajiri, muadhini anaadhini, Babu akafariki. Akazikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Baba Mdogo alifungua lile bati akitafuta sindano, akaitoa saa. Ilikuwa imesimama. Mshale mfupi umekaribia kabisa kumi na moja, na kwa saa ya Babu hiyo ndiyo alfajiri, wakati ule ule. Wanawake waliokuwa ukumbini wakashika vifua. "Subhanallah, imesimama naye." Bibi akaipokea, akaitazama, akairudisha kwenye bati. "Imemfuata mwenyewe," akasema. "Isiguswe."

Hakuna aliyenitazama. Nilikuwa nimekaa pembeni na sahani ya wali, nikafanya hesabu yangu ya kitoto. Saa ikisimama, Babu anasimama. Saa ilisimama kwa sababu ilivuliwa. Aliyeivua ni nani? Wali ukanikaba.

Miezi iliyofuata nilikuwa kero nyumbani, wala hakuna aliyejua sababu. Nilikataa kuzima koroboi. Nilikataa kuzima redio ya Baba Mdogo, akaninasa kibao akidhani ni kiburi. Bibi alipoanza kukaa kizuka, ile miezi minne na siku kumi mjane anakaa ndani bila mapambo, alivua bangili zake, nami nikamrukia nikilia, nazirudisha mkononi kwa nguvu hadi nikamkwaruza. Akanikumbatia, akadhani namlilia Babu. Nilikuwa namlilia Babu, ndiyo, lakini zaidi niliogopa nitamuua na yeye.

Wakati huo mji ulikuwa umejaa wakimbizi kutoka Burundi. Walishuka mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, na maboti, godoro kichwani, mtoto mgongoni, wengine na mbuzi mmoja aliyevuka ziwa amelowa chapachapa. Waha walielewana nao kwa urahisi, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Sisi wa Ujiji tulijifunza "amahoro" ya kusalimia, "ego" ya ndiyo na "oya" ya hapana, tukajifunza pia kuwasema. Kuku akipotea, mkimbizi. Sabuni ikipotea, mkimbizi. Ndipo siku moja bombani nikamsikia mama mmoja anamwambia mwenzake, "Pale Rusimbi kuna mkimbizi anafufua saa. Ile ya mume wangu ilikufa zamani, ameifufua inatembea."

Anafufua! Mtu mzima anasikia neno hilo anajua ni maneno ya watu tu, saa inakufa, saa inafufuliwa, kama tunavyosema moto umekufa. Mimi chuoni, kwenye Kurani, nilikuwa nimefundishwa nani anafufua na nani anafufuliwa. Nikaacha ndoo bombani. Kama saa na Babu ni kitu kimoja, na huyu mtu anafufua, basi kazi yangu ni moja tu, kumfikishia saa.

Niliiba saa kwenye lile bati Bibi akiwa kwenye swala, Mungu anisamehe, nikaenda Rusimbi kwa miguu. Nilimkuta kwenye baraza la duka, mwanamume mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, ana kimeza kilichotengenezwa kwa sanduku la sabuni na kichupa cha petroli. Watu walimwita Fundi Deo. Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura, kinapanda na kushuka kwingine kabisa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta nini, mwana?"

Nikafungua ngumi. Hakuichukua upesi. Aliitazama kwanza mkononi mwangu, kama mtu anayemtambua jirani yake ugenini. "Yoo," akasema polepole. "Hizi zilikuwa zinauzwa kwetu Buja. Imefikaje huku?" Nikamwambia ni ya Babu. Akatoa karatasi ya paketi ya sigara, akaandika kitu juu yake kwa kalamu ya risasi, ndipo akafungua mgongo wa saa. Ndani palikuwa na kipande cha chuma cha umbo la nusu mwezi. Alipoinamisha saa, kile kinusu mwezi kikazunguka chenyewe, kizito, kimya.

"Unaona? Hii haitiwi ufunguo. Mtu akitembea, huyu anazunguka, springi inashiba. Mtu akikaa, inalala na njaa. Inataka mkono tu. Lakini na mafuta yamekauka, na jasho limeleta kutu. Ina kazi."

"Utaifufua?"

"Nitajaribu."

"Na Babu atarudi lini?"

Hapo ndipo aliponitazama mimi badala ya saa. Nikamwambia yote. Sikuwa nimemwambia mtu, nikamwambia mkimbizi nisiyemjua jina la baba yake, barabarani, kamasi zinanitoka. Kwamba Babu alisema ikisimama amesimama. Kwamba niliivua mimi. Fundi Deo alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo watu wazima wa zama zile hawakuwa nalo.

"Saa, ego, nitajaribu," akasema. "Babu, oya. Yule hakuna fundi." Akanipa kitambaa chake cha kufutia saa nifute uso, kinanuka petroli. Nilirudi nyumbani sina saa, sina Babu, na ndoo bombani nimeikuta imeibwa.

Siri haikukaa hata wiki mbili. Bibi alitaka sindano, bati likafunguliwa, saa hamna. Nilipokiri, Baba Mdogo aliruka kama ameungua. "Umempa nani? Mkimbizi? Saa ya marehemu? Hiyo imekwenda!" Akatoka kwenda Rusimbi, akarudi mikono mitupu, kimeza hakikuwepo. Na siku hizo hizo ilikuwa imetoka amri kwamba wakimbizi wote walioko mjini wahamie kambini, malori yanakuja. Baba Mdogo alikaa chini. Hakunipiga. Alisema tu, "Kitu pekee cha baba kilichobaki," sauti yake ikakatika, nikajua nimeua na kingine.

Kesho yake alasiri mtu akapiga hodi. Fundi Deo, shati limefungwa hadi shingoni, amejifunga kifurushi begani. Alikuwa ameuliza mlango kwa mlango, kwa mshona kanzu aliyefariki, mpaka akafika. Kizuka hakai na mwanamume asiye wake, kwa hiyo Bibi alibaki chumbani, nyuma ya pazia la mlangoni, na mimi nikajibanza humo humo kwenye miguu yake. Fundi akakaa ukumbini mkabala na Baba Mdogo.

"Amahoro, mama," akaliambia pazia. "Nimeleta saa. Lakini kabla ya kuitoa naomba kuuliza. Mzee alifariki mwezi ngapi?"

"Kumi na tatu," Bibi akajibu. "Alfajiri ya kumi na tatu."

"Kwetu Buja, mtaa wa Buyenzi, kuna Waislamu wengi. Waliniletea saa za namna hii, zinazogeuka siku jua likizama. Naijua desturi." Nikasikia karatasi inakunjuliwa. "Siku mtoto alipoileta niliandika ilivyosimama, kabla sijaigusa. Saa, karibu kumi na moja. Namba, kumi na nne."

Baba Mdogo ndiye aliyejibu. "Ni kweli. Ilikuwa kumi na nne. Mimi nilidhani imeharibika."

"Haikuharibika," Fundi akasema. "Mzee alipoaga, ilikuwa inatembea. Mlipokuwa mnamwosha, inatembea. Mmekwenda makaburini, mmerudi, yenyewe humo ndani ya bati inatembea. Maghrib ikageuza siku peke yake, bila mkono wa mtu. Ikafika alfajiri ya pili, njaa ikaizidi, ikalala." Akakohoa kidogo. "Nasema hivi kwa sababu kuna mtoto hapa anajua kwamba aliivua, ikasimama, na babu akafa. Namba inasema siyo. Mama, huyu mtoto amebeba mzigo mkubwa kuliko yeye."

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimeuma kanga ya Bibi. Bibi alininyanyua kwa makwapa, mimi na ukubwa wangu wote, akaniweka mapajani. "Wewe ndiye?" akaninong'oneza. "Miezi yote hii ndiyo hiyo?" Akalia, na mimi nikalia, na kile kitu kilichokuwa kimenikaba tangu ule wali kikashuka. Hata leo naweza kuonyesha mahali kilipokuwa kimekaa, hapa, chini ya koo.

Bibi alipopata sauti yake alisema kupitia pazia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wote tunaijua methali hiyo, tunaisema mgeni akileta hata kilo ya sukari. Mimi nimeisikia ikisemwa kwa haki mara moja tu.

Fundi akauliza aiweke saa gani, maana ilikuwa haijawekwa. Baba Mdogo akataka kufungulia redio, Bibi akamkatiza. "Iwekwe saa ya mwenyewe." Basi yule mtu, aliyetakiwa kesho yake asubuhi awe kwenye lori, Mkristo wa watu, akatoka kukaa barazani alipokuwa anakaa Babu, akangoja adhana ya Maghrib. Baba Mdogo akakaa naye, akamletea chai. Nilikuwa dirishani. Muadhini alipoanza, Fundi akaweka mishale yote miwili juu. Kisha akaomba sindano. Nikapelekwa mimi na bati. Akafungua mgongo wa saa, akakwaruza kitu kwa ncha ya sindano, taratibu.

"Unaandika nini?" Baba Mdogo akamuuliza.

"Barua. Fundi anamwandikia fundi atakayefungua baada yake. Siyo yenu kusoma." Nilidhani ni hirizi, nikaridhika. Akafunga, akanivalisha mimi, mkononi, ikanipwaya hadi kwenye kiwiko. "Bibi yako anakaa ndani, hatembei," akaniambia. "Wewe ndiye mwenye miguu. Ukikimbia, inaishi."

Akachukua kifurushi chake akaondoka. Malori yaliondoka asubuhi, nami nilikuwa nimelala. Wala sikuwa nimemwambia asante. Nilikuwa na pua iliyoziba na saa kwenye kiwiko, nikasahau adabu yote niliyofundishwa. Baba Mdogo aliulizia kambini mara mbili, watu wakamwambia yuko, amehamishwa, amerudi kwao, kila mtu na lake. Hatukumwona tena.

Lakini miezi iliyobaki ya kizuka cha Bibi ndiyo ninayoikumbuka kwa raha kuliko yote ya utoto wangu. Kila nikitoka shule aliniita, "Zuhura, nenda kaishibishe saa." Nikakimbia mpaka mwaloni, nikapita kwenye dagaa walioanikwa, nikarudi, napunga mkono kama mwendawazimu, watu wananiuliza nafukuzwa na nani. Nikifika Bibi anaiweka sikioni, anafumba macho. Koroboi nikaizima mwenyewe. Na siku alipotoka eda, bangili zake nilimvalisha mimi.

Nimekuwa nayo tangu hapo. Kwa miaka yote hii imefunguliwa na mafundi wawili, mmoja wa hapa mjini, mwingine wa Dar es Salaam nilipokuwa nafanya kazi huko. Wote waliirudisha ikiwa salama na bado iko kwenye saa ya Babu, bila kuuliza, bila kuniambia inakosea. Nilishangaa kidogo, hasa huyo wa Dar, nikadhani ni ustaarabu wao.

"Mama," kijana wa Gungu akanishtua. Alikuwa ameinamia kile kifuniko, lenzi jichoni. "Humu kuna maandishi."

"Yanasemaje?"

Akasoma kwa kusitasita, herufi ni ndogo na za sindano. "Usirekebishe. Ni jua la Ujiji. Deo." Akakigeuza kwenye taa. "Na chini yake kuna alama mbili, kama sahihi za watu."

Nilimwomba anipe kiti. Kumbe siku zote hizi nilikuwa natembea na barua ya yule mtu mkononi, na kila aliyeisoma aliitii. Mimi nilihesabu kwamba alinifanyia wema jioni moja, halafu lori likamchukua. Kumbe hakuacha.

Kijana, Mungu ambariki, hakuniuliza kwa nini nalia. Alifuta ukungu, akatafuta pini. "Na mimi niweke sahihi?"

"Weka," nikamwambia. "Halafu juu ya yako niandikie neno moja. Andika asante."

Akaandika, akafunga, akanivalisha. Nikatoka. Bodaboda watatu walinipigia honi wakitaka kunipakia, nikawakatalia wote, nikatembea kwa miguu, napunga mkono.